Gari ya oto haina nguvu: ni injini au giaboksi? Pima kwanza ndio ushushe kitu

Malalamiko ni yaleyale ukiwa Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Newala: "gari yangu ya oto imekuwa nzito, nadhani injini imechoka". Na jibu analopewa mtu nalo ni lilelile, shusha hiyo injini weka nyingine ya Japani. Hili jambo linaniuma kweli, kwa sababu kwenye oto huwezi kujua injini imechoka kwa kuangalia tu gari inavyokimbia. Nguvu ikitoka kwenye injini inapita kwenye konveta (kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), inaingia giaboksi, ndio inafika kwenye tairi, na hapo katikati kuna sehemu nyingi za kula nguvu na za kudanganya kipimo. Kuna watu wamenunua injini, wakafunga, na gari ikabaki nzito vilevile maana shida ilikuwa oili ya giaboksi au masega ya eksozi (yale ya kusafisha moshi) yameziba.

Kabla ya dalili naomba tuelewane unapima nini. Ile namba ya kwenye makaratasi, mfano Toyota IST ya 1.5 kama PS 110 (PS ni nguvu za farasi), imepimwa kwenye injini yenyewe na inapatikana RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikiwa kwenye 6,000. Wewe unapima kwenye tairi. Ni kama kupima korosho na gunia lake, lazima ujue gunia lina kilo ngapi ndio useme una korosho kiasi gani. Kwenye oto watu hukadiria kwamba asilimia 15 mpaka 25 inaishia njiani, kwenye manyo (za kubadilisha gia kwa mkono) ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo hiyo IST ikiwa nzima kabisa usitegemee zaidi ya PS 82 hadi 93 kwenye tairi, na hapo ni kilele tu sio muda wote.

"Nimepima kwa simu imesoma PS 49, injini imekufa?"

Hapana ndugu, tulia. Hili ndilo linalowatisha wengi kwa hiyo nalieleza kwa urefu kidogo.

Njia ya bure ya kupima ni muda na uzito. Unachukua uzito wa gari pamoja na watu waliomo, unahesabu sekunde za kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine huku umekanyaga mafuta mpaka chini. Hesabu yake: uzito kwa kilo, zidisha na (mwendo wa mwisho mara wenyewe kutoa mwendo wa mwanzo mara wenyewe), gawanya kwa 25.92, kisha gawanya kwa sekunde. Jibu linakuja kwa wati, ligawanye kwa 735.5 upate PS.

Tuchukue gari na watu wawili jumla kilo 1,200, imetoka 50 mpaka 80 kwa sekunde 5. 6,400 kutoa 2,500 ni 3,900, mara 1,200 ni 4,680,000, gawanya kwa 25.92 unapata kama 180,556, gawanya kwa 5 ni wati 36,111, sawa na PS 49. Kwa gari ya PS 110 hiyo sio namba mbaya hata kidogo! Sababu ni tatu, na ziko hivi kwa uzito wake. Kwanza hiyo ni wastani, kwenye gia ya 2 IST ikienda 50 mpaka 80 RPM iko katikati tu, haijafika popote karibu na 6,000. Pili giaboksi imechukua chake. Tatu upepo na tairi nazo zinakula, kwenye mwendo huo kama kilowati 5 hivi ambazo hesabu yetu haikuzirudisha.

Ndio maana nasema namba moja peke yake haina maana. Pima gari ikiwa nzima, andika mahali, ukija kuhisi imekuwa nzito pima tena barabara ileile, uzito uleule, muda uleule wa siku. Ikiwa mwanzo ilikuwa sekunde 5 na sasa ni 7 hapo una hoja ya kumpelekea fundi.

Kama hukuwahi kuipima ikiwa nzima, tafuta mwenye gari kama yako mpime pamoja.

"Kila nikipima namba inabadilika, mara 41 mara 61"

Chanzo kikubwa ni simu yenyewe. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde, sasa kwenye kipimo cha sekunde 5 ukikosea sekunde moja tu ile PS 49 inakuwa 61 ukiwahi au 41 ukichelewa. Hapo injini haijabadilika chochote. Dawa yake rudia mara kadhaa utafute wastani, au rekodi video ya dashibodi halafu uhesabu muda nyumbani kwa utulivu, na ujue tu kwamba spidometa nyingi zinasoma juu kidogo kuliko mwendo halisi, haidhuru ilimradi unalinganisha gari na yenyewe.

Kinachofuata ni gia kushuka katikati ya kipimo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini oto inashusha gia yenyewe, mshale wa RPM unaruka, na muda unaharibika. Kwa hizi za gia 4 weka liva kwenye 2, fika 50 taratibu ndio ukanyage, na uangalie mshale upande mfululizo bila kuruka. Ukiruka kipimo hicho tupa anza upya. Kama mnapima kwa mwendo mkubwa zaidi kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu, tairi zinazunguka juu yake), zima OD (ile gia ya juu ya mwendo mkubwa) na mtumie gia ya 3, kwenye nyingi za gia 4 hiyo ndio gia inayopitisha moja kwa moja bila kuzidisha.

Halafu kuna konveta. Konveta haijashikana moja kwa moja, ndani ni oili inasukuma mapanga, na wakati gari ndio inaondoka inaweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha mpaka karibu mara mbili. Kwa hiyo anayepima kuanzia gari imesimama anapata namba za ajabu kwenye RPM za chini, anafurahi bure. Lakini hakuna nguvu mpya iliyozaliwa mle, konveta ikiteleza sehemu ya nguvu inageuka joto tu. Pima gari ikiwa tayari inatembea, usianzie sifuri.

Mengine madogo: mteremko (pima kwenda na kurudi, tafuta wastani), upepo wa baharini hasa mchana, AC ikiwa imewashwa, na tairi za saizi nyingine na ile ya kiwandani.

Na naomba nisisitize hili, barabara ya Mtwara kwenda Lindi ina bodaboda, mbuzi, wanafunzi na watu wanaotembea pembeni. Usipime Mikindani wala Mingoyo wala karibu na kijiji chochote. Chagua kipande kilichonyooka, alfajiri kukishapambazuka, usizidi mwendo wa kibao, na dereva asishike simu kabisa, awepo mtu wa pili wa kuhesabu.

"Nakanyaga, RPM inapanda, inalia, gari haiendi"

Hii injini inafanya kazi, nguvu inapotelea mbele yake. Usimruhusu mtu aguse injini hapa.

La kwanza na linalotokea zaidi ni oili ya giaboksi kupungua au kuwa chafu. Kwa Toyota zenye stiki (kijiti cha kupimia oili ya giaboksi) unapima gari imepata moto, injini inawaka, umesimama tambarare, unapitisha liva gia zote taratibu huku umeshika breki halafu unarudisha P ndio unachomoa stiki. Honda inapimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya kupata moto, kwa hiyo usichanganye. Gari nyingi za karibuni hazina stiki kabisa, hizo zinapimwa chini kwa utaratibu wake, mpe fundi. Oili nzuri ni nyekundu inaonekana ndani, ikiwa kahawia nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi za ndani zimeshaanza kuondoka.

La pili ni oili isiyo yake. Hapa kusini dukani unaambiwa "ATF ni ATF tu", yaani oili yoyote ya giaboksi ya oto inafaa, si kweli. Za Toyota kuna Type T-IV, kuna WS, na gari za CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua) zina oili yake tofauti kabisa. Ukiweka ATF ya kawaida kwenye CVT unaharibu giaboksi, na kuinunua tena ni hela nyingi. Soma kwenye stiki au kitabu cha gari.

La tatu chujio la giaboksi limeziba au solenoidi (vali za umeme za kubadilisha gia) ndani zinagoma, hapa taa ya cheki injini inaweza kuwaka au OD kupepesa. Piga mashine usome kodi, yaani namba za hitilafu. La mwisho kabisa ni klachi zenyewe zimeisha.

Ukiona oili imeungua na vipande vyeusi kwenye sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), acha kuendesha. Kuongeza oili mpya juu ya klachi zilizokwisha hakuzirudishi.

Kipimo cha kutenganisha injini na giaboksi

Wenye oto ya kawaida ya zamani kidogo (sio CVT) kuna kipimo mafundi wanakitumia: gari imesimama, breki imekanyagwa kwa nguvu, liva kwenye D, unakanyaga mafuta mpaka chini na kusoma RPM inaishia wapi. Kwa gari nyingi ndogo za petroli inaishia kati ya 2,000 na 2,800, namba kamili iko kwenye kitabu cha ufundi cha gari hiyo. Halafu unafanya hivyohivyo kwa R.

Ikiwa chini ya kiwango kwenye D na R zote, injini haitoi nguvu yake, au ile klachi inayozunguka upande mmoja tu iliyo ndani ya konveta imekufa. Ikiwa juu kwenye D peke yake, klachi ya kwenda mbele inateleza. Juu kwenye R peke yake, ya kurudi nyuma. Juu kote, presha ya oili iko chini, na mara nyingi ni kiwango cha oili tu.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa watu wanaua giaboksi na wanaweza kuua mtu. Usizidishe sekunde 5. Oili iwe imepata moto wa kawaida. Weka handbreki, weka magogo kwenye tairi zote nne, asisimame mtu mbele wala nyuma, sio karibu na ukuta wa gereji. Ukimaliza kimoja rudisha N uache injini inaunguruma taratibu dakika kadhaa oili ipoe ndio ufanye kingine, kwa sababu nguvu yote ya injini muda ule inageuka joto ndani ya konveta. Kama breki zako hazieleweki, au mguu wa injini umekatika, usifanye. Na gari nyingi za kuanzia miaka ya 2010 ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja kompyuta inakata nguvu yenyewe, hizo kipimo hiki hakisemi ukweli. Kama hujawahi kuona kikifanywa mpe fundi wa giaboksi, ni wa giaboksi ndugu yangu, sio fundi yeyote.

"RPM yenyewe haipandi, gari nzito kila gia"

Hapa ndio injini inashukiwa, lakini bado sio ya kushushwa.

Anza na chujio la hewa. Ukitembea sana barabara za vumbi, zile za kuingia mashambani msimu wa korosho, linajaa haraka kuliko unavyodhani, lichomoe ulitazame kwenye mwanga. Kisha plagi na koili, gari ikiwa inamisi (silinda haiwaki vizuri) hata kidogo anzia hapo. Kisha mafuta: petroli ya kwenye chupa na madumu vijijini mara nyingine ina maji au imechanganywa, na chujio la mafuta likiziba au pampu ikichoka gari inakwenda vizuri mpaka ukanyage sana ndio inakata. Fundi mwenye geji ya presha anaweza kupima, 1NZ iliyopo kwenye IST nyingi inatakiwa iwe kilopaskali 304 mpaka 343. Hiyo kazi usijifanyie mwenyewe, petroli ikiruka kwenye injini ya moto ni moto.

Ukiwa na kile kifaa cha ELM327 cha kuchomeka, na gari yako ina sensa ya hewa, kuna njia nzuri sana ya kupima injini bila kupita kwenye giaboksi: soma gramu za hewa kwa sekunde ukiwa umekanyaga mpaka chini na RPM iko juu. Gramu 1 kwa sekunde inalingana na kama PS 1.2 za injini. Injini ya PS 110 ikivuta karibu gramu 85 hadi 90 kwenye kilele chake, inapumua vizuri, shida tafuta kwingine. Ikigota 55 kuna kitu kinaizuia, au sensa ni chafu inasoma uongo, kwa hiyo isafishe kwanza kwa dawa yake maalumu sio petroli. Napenda njia hii kuliko zote kwa sababu konveta haina nafasi ya kudanganya. Shida ni moja, gari nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinagoma kuongea na hicho kifaa, hapo inabidi mashine ya fundi.

Halafu masega. Masega yakiziba injini haiwezi kutoa moshi, kwa hiyo haiwezi kuvuta hewa mpya. Gari inawaka vizuri, inatulia vizuri, ukitaka mwendo inabanwa kama kuna mtu ameshika nyuma, na chini panakuwa na joto lisilo la kawaida. Usipaki kwenye majani makavu! Fundi apime presha ya moshi kwa kufungua sensa ya oksijeni. Na ukishajua yameziba uliza kwa nini yameziba, mara nyingi ni injini inakula oili au imemisi muda mrefu.

Mwisho kabisa, baada ya yote hayo, pima kompresheni. Kwa 1NZ-FE ikiwa nzima ni karibu kilopaskali 1,471, ikishuka chini ya 1,079 au silinda zikitofautiana zaidi ya 98, hapo sasa unaweza kuongelea injini. Mtu akikwambia nunua injini muulize kompresheni imesoma ngapi kwenye kila silinda. Kama hajapima, hana jibu.

"Asubuhi iko fresh, mchana imekuwa nzito"

Joto la Mtwara lina mchango wake halali. Hewa inayoingia kwenye injini ikiwa nyuzi 40 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 5, na injini isiyo na tabo inapoteza kiasi hichohicho. Kwa hiyo usipime saa 12 asubuhi ukalinganisha na saa 8 mchana.

Ikiwa inapoteza zaidi ya hapo, anza na oili ya giaboksi, ikichakaa ikipata moto inakuwa nyepesi mno na klachi zinateleza. Angalia na kipoza oili, kwenye gari nyingi kiko ndani ya rejeta, na sisi wa pwani chumvi inakula rejeta kutoka nje mpaka ndani. Ukikuta oili ya giaboksi ina rangi ya maziwa na strobeli, maji yameingia: zima gari palepale. Usiseme niifikishe nyumbani kwanza, maji yanabandua klachi.

Injini yenyewe ikichemsha pia inapunguza nguvu, ila hiyo utaiona kwenye geji.

"Kupanda Newala inabadilisha gia kila saa na haina nguvu"

Mara nyingi gari ni nzima. Kila mita 100 unazopanda injini isiyo na tabo inapungua kama asilimia 1, na uwanda wa Makonde uko mamia ya mita juu ya bahari, ongeza mzigo na watu watano. Giaboksi inapanda gia, inaona nzito, inashusha, inapanda tena, na kila mara konveta inafunguka na kutengeneza joto. Zima OD au weka liva 2 kwenye mwinuko mkali, na wakati wa kuteremka pia, acha injini ishike. Ikiendelea kuhangaika hata OD ikiwa imezimwa ndio urudi kwenye oili na solenoidi.

"Inaondoka nzito sana, haibadilishi gia"

Giaboksi ikiona hitilafu ya umeme inajifungia kwenye gia moja ili ujiokoe ufike gereji. Kipimo chochote cha nguvu hapo ni bure. Angalia betri na tamino zake, fyuzi, na soketi za waya za giaboksi kama zina kutu ya chumvi, kisha soma kodi.

Wenye CVT

Ni Vitz, Fielder na X-Trail za matoleo ya karibuni, na nyingine nyingi. RPM inakaa palepale huku mwendo unapanda, hiyo ni tabia yake, sio kuteleza. Kile kipimo cha breki na mafuta kwako ni marufuku, mkanda wa ndani hausamehe. Pima kwa muda na uzito, au kwa gramu za hewa. Ukisikia mlio wa kusaga au gari inatetemeka ikiondoka, pigia fundi anayejua CVT kabla hujaendesha tena.

Na oto yoyote ikikufia njiani, tuseme baada ya Mpapura huko, usikubali kuburutwa kwa kamba mpaka mjini tairi zinazoendesha zikiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu ya giaboksi haizunguki, hakuna oili inayofika ndani, na kilichokuwa solenoidi tu kinakuwa giaboksi nzima. Itwe bredauni inyanyue zile tairi zinazoendesha, na kama ni foo wili ipande juu yote.